Doa Jeupe Kati ya Kilwa na Lindi

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha picha za setilaiti, Dar es Salaam. Picha ilitoka kwenye mashine mstari kwa mstari, nasi tukachora mwambao juu yake kwa penseli, kisha tukasema mawingu yanaelekea wapi.

Asubuhi moja, mkuu wangu akiwa mkutanoni, niliona doa kubwa jeupe baharini, kati ya Kilwa na Lindi. Ulikuwa msimu wa korosho, na kwetu Kitomanga walikuwa wameanika mavuno ya shamba la ujamaa. Sikusubiri. Nikapeleka ujumbe kwa simu ya upepo: mvua kubwa inakuja, ingizeni korosho.

Wakaingiza. Hata wajawazito walibeba. Jua likawaka siku tatu mfululizo.

Mkuu wangu aliporudi alinipa lenzi. "Wingu lina kingo na mabonde. Hili lako lina nini?"

"Halina kitu. Ni laini tu."

"Ni jua, binti yangu. Bahari ikitulia hung'aa kama kioo."

Kumbe bahari ilikuwa shwari kabisa, nami nimeitangazia dhoruba.

Nilipopata ruhusa ya siku chache nilikwenda nyumbani na ile picha. Mama aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama, nikasema, "Nilikosea mimi. Nilidhani mng'aro wa jua ni wingu."

Bibi mmoja jirani yetu, aliyebeba magunia licha ya goti lake bovu, akanyoosha mkono. "Lete tuione." Akaigeuzageuza. "Sisi tuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha.

"Haya. Na siku ya wingu la kweli, tutajuaje?"

"Nikiwa na hakika nitasema nina hakika, bibi. Nikiwa na shaka, nitasema nina shaka."

"Hapo tumeelewana," akasema, na watu wakacheka. Mama naye akacheka.

Wiki chache baadaye nikaona doa jingine, safari hii lenye kingo na mabonde. Nilimwonyesha mkuu kwanza, ndipo nikapeleka ujumbe: nina hakika, mvua itafika kesho kabla ya adhuhuri.

Kisha ikaja barua kutoka nyumbani. Mvua ilinyesha siku mbili, ilisema, na korosho zote zilikuwa ndani, kavu. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka. Mama alikuwa ameanza darasa la watu wazima, na hiyo ndiyo barua yake ya kwanza kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Niliisoma mara nne, nimesimama dirishani.