Udongo wa Kaburi, Siku ya Sabato

Kama ni udongo tu, kwa nini mama asiulambe? Nilijiuliza hivyo mwaka ule chuo kikuu kilipofungwa kwa mgomo nikarudi nyumbani, karibu na Mosocho.

Mtoto wa jirani alikuwa amekufa ghafla. Vijana wakasema amerogwa. Ng'ambo ya bonde bibi mmoja alikuwa ameshachomewa nyumba. Ukoo ukaamua kila boma litoe mtu mzima, alambe udongo wa kaburi la mtoto na kuapa kwamba hajaroga; akiapa uongo, udongo umuue. Atakayekataa, ndiye mchawi. Kanisa letu la Kisabato nalo likatangaza kuwa atakayelamba ataondolewa ushirika. Mama alikuwa mjane, tena shemasi.

Baba mdogo alikuja Ijumaa, mama akiharakisha kupika kabla jua halijazama.

"Shemeji, ni kesho saa tatu."

"Kesho ni Sabato."

"Petroli haijui Sabato."

"Nimeshasema sikumuua mtoto. Ulimi wenye udongo utasema nini zaidi?"

Baba mdogo akanigeukia. "Wewe msomi, ongea na mama yako."

Nikasema nitalamba mimi, sina hofu na udongo. Mama akacheka kidogo. "Ya kanisa huamini, ya ukoo huamini. Sasa utaapa kwa nini?"

Nilitaka kubishana, lakini nikajikuta nakagua komeo la mlango.

Asubuhi tulienda kanisani. Niliketi karibu na dirisha. Vijana walipita barabarani wakipiga mbinja, mmoja amebeba mtungi wa mafuta ya kupikia ambao nilijua hauna mafuta ya kupikia. Mzee wa kanisa aliendelea na somo. Nilinusa moshi nikamshika mama mkono. Kumbe ni wa jiko la watu tu. Mara mbili nilitaka kumburuta nje tukimbilie kwa mjomba, Nyamira.

Baada ya ibada waumini wote walitusindikiza, wakaketi uani kwetu wakiimba mpaka jioni. Hakuna aliyekuja. Walisema Mungu amewaziba wale vijana macho. Kwa mara ya kwanza sikubisha.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshazikwa, mke wa baba mdogo aliniambia kwamba asubuhi ile mumewe alilamba udongo mara mbili: kwanza kwa jina lake, kisha kwa jina la mama.