Koti la Kitenge la Mbwa wa Mbio

Daktari wa mifugo alinitazama juu ya miwani akasema mbwa wangu akiongezeka uzito, mguu ule wa nyuma utakatwa. Nikamwambia haukatwi. Nitafanyaje sikujua, lakini nilishasema.

Nilimchukua kwenye kituo cha mbwa waliookolewa, akiwa kijana bado. Alikimbizwa kwenye mashindano ya kamari mpaka mguu ukavunjika, ukaunga vibaya, wakamtelekeza. Mbwa wa mbio ndivyo alivyo: kiuno cha nyigu, mbavu unazihesabu. Si njaa, ni maumbile. Akinenepa, mguu mbovu haumbebi.

Sasa nenda kawaeleze hayo watu wa mtaani kwetu Malvern! Mimi Mtanzania, nililetwa hapa na mume, mwenyeji wa hapa aliyekimbilia kwetu enzi za makaburu, sasa marehemu. Kwetu, afadhali utukanwe matusi ya nguoni kuliko kuitwa mchoyo. Na nikipita Jules Street na yule mbwa, hadi wauza nyanya walikuwa wananigunia: "Huyu mama anakula peke yake." Wallahi ilinichoma.

Lakini aliyenimaliza ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, fundi cherehani kutoka Kongo. Nikigeuka tu, anammwagia mbwa ugali na mafuta. Siku hiyo nimerudi kutoka kwa daktari, namkuta ameshika sufuria. Nikawaka.

"Unataka akatwe mguu? Haya, kisu kile pale, ukate mwenyewe!"

Akaweka sufuria chini. "Mama, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mi nilikimbia vita na mtoto mgongoni. Mbavu zake zilikuwa hivi hivi. Nilifika bila yeye. Siwezi kuangalia."

Nilimwonea huruma. Lakini mguu nao haungoji huruma. Nikaingia ndani, nikatoa kitenge chepesi nilichokuwa nakitunzia harusi.

"Basi mshonee koti, lifunike mbavu zote. Wewe usizione, na yeye asile."

Akashona siku hiyo hiyo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mbwa kavaa maua ya rangi ya machungwa, watoto wanamfuata wanacheka. Eish! Wauza nyanya wakaacha kunigunia, wakaanza kuniuliza fundi ni nani. Ugali wa kumwagwa ukakoma.

Desemba, jua kali, daktari akaupapasa mguu akasema hana cha kukata. Nilipofika nyumbani nikamvua mbwa koti. Fundi wangu akageukia ukuta.

Mbwa akazunguka ua mbio, kwa miguu yote minne, kisha akaja kusimama karibu naye, anahema.

"Mdogo wangu," nikamwambia fundi, "tazama."

Akageuka taratibu. Akaweka kiganja kwenye zile mbavu, zinapanda, zinashuka, machozi yanamtiririka.

"Huyu iko anapumua, Mama," akasema. "Huyu iko anapumua."