Miaka Minane Nikiwa Indiketa

Mwanangu wa pili, yule aliyesomea mambo ya umeme, alikuja likizo mwanzoni mwa miaka ya tisini akiwa na habari za kunishangaza. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua ndengu. Alisema kuna watu huko ng'ambo wanaowaza kutengeneza gari litakalomtazama dereva usoni. Litafuata macho yake, shingo yake na jinsi anavyosogeza mabega, na likishajua kwamba anataka kukata kona, litawasha indiketa lenyewe kabla hajagusa kitu.

"Hebu fikiria, Mama," akasema. "Gari inajua akili ya dereva!"

"Na ikishajua, inafanya nini?"

"Inawasha taa tu."

"Haiumwi?"

Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Niliokota kijiwe kutoka kwenye ungo nikakitupa mbali kuliko ilivyohitajika. Kazi hiyo wanayoitafutia mashine niliifanya mimi kwa miaka minane, ndani ya pikapu ya baba yake, kwa mkono huu wa kushoto, na sikumbuki mtu yeyote akiniita mtaalamu.

Pikapu hiyo tuliinunua ikiwa kuukuu tayari. Tulikuwa wachuuzi. Tulichukua machungwa, maparachichi, maharagwe na kunde kwa wakulima wa milima ya Mbooni, tukayashusha katika soko la Matiliku, na yakibaki tukayafikisha Kasikeu. Mimi ndiye niliyejua kununua na kuuza. Mume wangu alijua kuendesha. Niliacha kufundisha shule ya msingi ili tufanye kazi hiyo pamoja, na dada zangu waliponiambia nimerukwa na akili, niliwaambia mwanamke anayekaa mbele na mumewe hana cha kujutia.

Msimu wa pili gunia la maharagwe lilipasuka nyuma ya kiti. Panya wakafuata maharagwe, na walipoyamaliza wakageukia waya. Indiketa zikafa zote, za kulia na za kushoto. Kwa upande wa kulia hapakuwa na shida, kwa sababu dereva mwenyewe alitoa mkono dirishani. Upande wa kushoto ulikuwa wangu. Ilinibidi niteremshe kioo, ninyooshe mkono nje, na gari la nyuma lione kwamba tunakata.

Fundi wa Matiliku aliinama chini ya dashibodi, akatazama, akasema ni kazi ya asubuhi moja tu.

"Ya nini?" mume wangu akamjibu, akinionyesha kwa kidevu. "Indiketa si ni huyu hapa?"

Watu waliokuwa pale walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Lazima niseme ukweli wangu: nililichukua neno lile kama neno la mapenzi. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno matamu, kwa hiyo kilichodondoka kinywani mwake nilikiokota, hata kama kilikuwa ganda.

Shida ilikuwa kwamba hakusema anakokwenda. Mara ya kwanza alisema "kushoto" wakati magurudumu yameshaanza kupinda, na lori la mchanga lililokuwa nyuma yetu likapita likituchuna rangi ya ubavuni. Dereva wa lori alitutukana hadi akaishiwa. Mume wangu hakumjibu yule, alinigeukia mimi.

"Wewe huoni ninaenda wapi?"

Basi nikaanza kuona. Nilimtazama kama mtoto wa darasa la kwanza anavyotazama ubao. Nikajifunza kwamba kabla ya kukata, jicho lake lilikwenda kwanza mahali penyewe, likaja kwenye kioo cha kutazamia nyuma, kisha likarudi mahali pale na kukaa. Kidevu kilifuata. Bega la kushoto lilishuka kidogo, na goti likajiandaa kukanyaga klachi. Mwanzoni nilingoja niyaone yote manne. Baadaye jicho peke yake lilinitosha, na mwisho mkono wangu ulikuwa unatoka wenyewe, hata nikiwa nahesabu magunia kichwani, hata nikiwa nasinzia.

Kilichokuwa kigumu ni salamu. Kwetu dereva asiyesalimia watu barabarani ni mchawi au ni mgeni, na mume wangu hakutaka kuitwa yeyote kati ya hao wawili. Alisalimia wachunga mbuzi, akina mama wenye mitungi mgongoni, watu wa matanga, na hata jirani aliyekuwa amemshtaki kwa chifu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila mara jicho lilimgeukia mtu, vidole viwili vikainuka kutoka kwenye usukani, na jicho likarudi barabarani. Miezi ya kwanza nilikuwa nikilifuata kila jicho, na magari ya nyuma yakadhani tunakata kwenye kila boma. Mpaka nikatambua tofauti. Jicho la salamu ni fupi na lina vidole. Jicho la kukata ni refu, na halina vidole. Mimi mwenyewe hakuwahi kuniinulia vidole. Akinikuta njiani alisimamisha gari, nami nikapanda kwenye kiti changu.

Kanisani wanawake wenzangu waliniita Mama Indiketa. Mmoja wao kila akielekea viti vya kushoto lazima anyooshe mkono kwanza, na sisi sote tunafunika vicheko kwa vitabu vya nyimbo. Sweta yangu ilipauka mkono mmoja. Ngozi ya mkono huo ilikuwa nyeusi na kavu kuliko ya mwenzake, na vumbi jekundu la barabara ile halikutoka kwenye kucha hata kwa sabuni ya kipande. Nilijivunia mkono huo. Nilijua akili ya mume wangu kabla yeye mwenyewe hajaijua, na ni mke yupi mwingine angeweza kusema hivyo?

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye mkono je? Maana mkono wangu ndio ulioona kwanza.

Ilikuwa mchana, baada ya soko. Tulikuwa tumetoka Matiliku tukielekea nyumbani, na basi lilikuwa nyuma yetu. Mbele, upande wa kushoto, palikuwa na nyumba mpya ya mabati ndani ya ua wa katani, na mwanamke mmoja alikuwa akianika kunde juu ya gunia. Mimi nilikuwa nafikiria maparachichi yaliyooza chini ya kikapu. Ghafla nikasikia upepo kwenye kiganja, nikajikuta mkono wangu uko nje, umenyooka.

Dereva wa basi akapiga honi akatupita, akiamini tunakata. Mume wangu akakanyaga breki.

"Mbona umetoa mkono?"

"Si unakata kushoto?"

"Nikate niende wapi? Hapa kuna njia?"

Njia ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba, imepita katikati ya katani hadi mlangoni, na ilikuwa na alama za magurudumu. Yule mwanamke aliinua kichwa, akaiona pikapu imepunguza mwendo, akajipangusa mikono kwenye leso, akaanza kuja langoni bila haraka, kama mtu anayejua gari hili huingia wapi. Kisha akaniona mimi. Akarudi kwenye kunde zake, akainama.

Sikumtazama yeye tena. Nilimtazama mume wangu, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimeng'ang'ania usukani.

"Hukumsalimia," nikasema.

"Nani?"

Barabara nzima ilikuwa na mtu mmoja tu. Angesema "yule," angesema "sikumwona," ningeweza kujidanganya mwaka mwingine. Lakini aliniuliza nani, na mimi nikarudisha mkono ndani, nikapandisha kioo.

Usiku nilimuuliza waziwazi. Alisema ni mteja wa kunde. Nilimwambia wateja wa kunde nawajua mimi, kwa sababu muuzaji ni mimi. Alisema wivu ni dhambi, akaninukulia mstari, akageukia ukuta.

Ningefanya nini? Ningeweza kwenda kwa mchungaji, lakini nilijua angetuita tuombe pamoja. Ningeweza kwenda kwa mama mkwe, lakini nilijua angeniuliza nilipika nini. Nilikuwa na hasira, na mali yangu yote ya kupigania ilikuwa kile kiti cha mbele. Nilikuwa nimeacha kazi kwa ajili ya kiti hicho. Basi nikakaa humo siku tatu za soko mfululizo, mikono nimeipakata, namtazama. Kila tulipofika kwenye ua wa katani, jicho lilikwenda, likaja kiooni, likarudi, likakaa. Bega likashuka. Mwili wake wote ulikata kushoto huku gari likienda moja kwa moja. Yeye hakujua. Aliamini ananificha, na mimi nilikuwa nikimsoma kama tangazo la chifu.

Siku ya nne nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama ni ujasiri au upumbavu. Tulikuwa tunaingia sokoni Matiliku, penye njia panda, gari limejaa machungwa. Jicho lake likakata kushoto, safari hii kwa haki kabisa, na mimi nikabaki na mikono mapajani. Mkono ulitaka kutoka. Niliushika kwa mwenzake. Basi la nyuma lilikuwa limeanza kutupita kwa upande huohuo, kwa sababu tulikuwa tumesogea katikati ya barabara. Breki zikalia. Machungwa yakamwagika barabarani na watoto wakayakimbilia. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, kwa sababu ningekuwa naandika haya kutoka jela. Dereva wa basi akashuka akamwaibisha mume wangu mbele ya soko zima.

"Mzee, huna indiketa na huna mkono! Unaendesha gari ama punda?"

Mume wangu aliokota machungwa mwenyewe, moja moja, bila kuniangalia. Nilidhani amepata fundisho. Nilidhani sasa ataniomba radhi, au hata atanipiga, mradi tuseme kitu. Nilikuwa bado namsoma macho tu, na mipango mtu haiweki machoni.

Wiki iliyofuata alichelewa kurudi. Nilimsikia akipanda mteremko, nikatoka nje na taa. Pikapu iliingia uani, na upande wake wa kushoto kulikuwa na taa ya manjano inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Alizima injini lakini indiketa akaiacha. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, tik, ambao sikuwa nimewahi kuusikia ndani ya gari letu.

"Fundi amefunga waya mpya," akasema. "Kazi ya asubuhi moja tu."

Miaka minane nilikuwa nimemwomba atengeneze indiketa hizo. Niliomba wakati wa mvua, nikiwa na mkono uliolowa hadi kwapani. Niliomba nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba na kila kuinama dirishani kulinichoma mbavu. Kila mara alijibu hakuna haja, indiketa ipo.

"Sasa unaweza kupumzika nyumbani, Mama watoto," akaongeza, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa ameitumia kwangu tangu tuoane. "Hii inajionyesha yenyewe."

Akufukuzaye hakwambii toka. Nilisimama na taa yangu mkononi, nikitazama ile nyingine ikiwaka, na nilielewa kila kitu. Nilimchukia fundi, maskini, ambaye kosa lake lilikuwa kuijua kazi yake. Nilijichukia mimi zaidi. Kama ningeendelea kunyoosha mkono kwa adabu, angeendelea kunihitaji. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba mkono unaweza kukataa, na mtu akishajua hivyo atatafuta waya.

Mwanzoni alirudi kila jioni. Kisha mzigo ukaanza kumlaza Matiliku mara moja kwa wiki, kisha mara tatu, kisha nguo zake zikawa zinafuliwa hukohuko. Watu wa kanisa walinionea huruma kwa miezi miwili, halafu wakazoea. Hakuna aliyeniita tena Mama Indiketa, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilirudi kuomba kazi ya kufundisha, nikaambiwa waliofuzu chuo sasa ni wengi. Nikachukua kikapu, nikawa nashuka sokoni na machungwa yale ninayoweza kuyabeba mwenyewe, siku moja Kasikeu, siku nyingine Matiliku.

Ni hapo Matiliku, kwenye ile njia panda ya machungwa, nilipowaona. Nilikuwa nimetua kikapu kando ya barabara nikipumua. Pikapu ilikuja polepole, imepakwa rangi mpya ubavuni pale tulipochunwa na lori. Mwanamke wa kunde alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kioo kimepanda hadi juu, mikono yake ameipakata kama mgeni wa arusi. Taa ya kushoto ilikuwa ikiwaka na kuzima. Ilifanya kazi vizuri, siwezi kuisingizia.

Mume wangu akageuza macho, yakapita mbele ya uso wa yule mwanamke, yakanifikia. Nilisimama wima. Sikuwa nimepanga kungoja kitu, lakini nilingoja. Nilikuwa nimelisoma jicho lile miaka minane na nilitaka kuona tu litakaa kwa muda gani.

Halikukaa. Akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, akanisalimia.