Suruali Pana Juu ya Gogo la Mvule

Ukifika Adumi siku ya soko ukasikia kina mama wanamwita mtu mzima mwenye ndevu "Bwana Suruali," usihangaike kuuliza, ni mimi huyo, Rajabu wa Arua mjini, na jina hilo sikupewa bure. Aibu niliyoipata siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na shimo lilikuwepo tayari, tulilichimba wenyewe, refu kupita kimo cha mtu, ila ndani yake alikuwa amesimama fundi wangu).

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati sukari na sabuni vilikuwa vitu vya kunong'onezana, na mimi nilikuwa kijana wa kupasua mbao chini ya Fundi Ezati. Yule mzee, jamani! Sijaona fundi kama yeye mpaka leo. Aliweza kuuzunguka mti uliosimama, akaupigapiga kwa kiganja, akakuambia una uozo ndani usawa wa bega, mnauangusha na kweli uozo upo palepale. Na hakugusa mti wa mtu kabla ya kukaa na mwenye shamba na ndugu zake, atembezwe mpaka wa shamba kwa miguu, wote wakubaliane ni mti upi na uangukie wapi. Wengine walikuwa wanakata kwanza na kuzungumza baadaye, yeye hapana.

Mwaka ule tulipata mvule mmoja Adumi, kwenye shamba la mjane tuliyemwita Mama Candiru. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya matofali isiyo na milango wala madirisha, na mti ule mama huyo aliutunza miaka yote kwa ajili hiyo, sehemu ya mbao ziwe zake na nyingine tuchukue sisi. Sasa huyo Candiru ni binti yake mkubwa, na mimi, nisiwafiche, nilikuwa nimekwisha kwa Candiru. Mwenyewe alikuwa radhi, kikwazo kilikuwa mama. Nilipotuma wazee wangu kwenda kuulizia, jibu lilirudi fupi: "Watoto ya mjini iko na mdomo tu. Mimi nitakuja ona yeye nafanya kazi na macho yangu." Na siku aliyoichagua ni siku ya kupasua gogo la kwanza.

Gogo hulazwa juu ya shimo, na kwa kawaida juu yake husimama fundi, maana wa juu ndiye anayeongoza msumeno ufuate mstari, na wa chini shimoni kazi yake ni kuvuta na kula unga wa mbao (machoni, puani, mpaka kwenye chai). Mimi nilikuwa wa chini. Lakini mkwe anakuja! Aje aone nini, kichwa cheupe kinachokohoa shimoni? Nikamwomba Fundi Ezati anipe juu siku hiyo moja tu. Akanitazama kuanzia kichwani, alipofika miguuni macho yakakwama hapohapo.

"Hii suruali iko ya kazi?"

Maana nilikuwa nimevaa suruali niliyoinunua Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Zaire, imebana kiunoni halafu inafunguka chini kiasi cha kuficha kiatu na kuku mzima. Asubuhi nilipoitoa sandukuni nilijiambia mtu wa juu hachafuki, na uamuzi huo mdogo ndio uliozaa mengine yote.

"Juu hakuna vumbi, mzee."

"Basi funga chini na kamba."

Nifunge! Candiru anione nimefungwa miguu kama kuku wa sokoni? Nikaitikia nitafunga, sikufunga.

Kwanza tukapiga mstari. Sisi tulikuwa tunavunja betri za redio zilizokwisha, ule weusi wa ndani tunaukoroga na maji, uzi unalowekwa humo, mmoja anashika mwisho huu juu ya alama na mwingine ule, mnavuta mpaka uzi ulie, unainuliwa na kuachiwa, pa! Ni mstari huo ndio msumeno unaufuata. Na weusi wa betri ukiingia nguoni hautoki, hata ungekuwa na sabuni. Basi mimi mwisho wangu nikaushika kwa ncha za vidole viwili, mkono nimeunyoosha, tumbo nimelirudisha ndani, suruali isiguswe, na uzi ukateleza vidole viwili mbali na alama.

"Umevuta?" mzee akauliza kutoka mwisho wake.

"Nimevuta, mzee."

Aliniamini, mstari ukapigwa. Akashuka shimoni, mtu aliyefundisha wapasuaji wa Arua mpaka Koboko, akashuka kula vumbi ili mimi nipate mke. Nikikumbuka hilo hata leo moyo unanijaa.

Mama Candiru akaja na kigoda chake, mashangazi wawili nyuma, Candiru nyuma yao, na watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni nao wakasimama na mizigo kichwani, maana gogo la mvule likifunguliwa linapendeza kutazama. Tukaanza. Mzee anavuta chini, mimi nainua, msumeno unaimba, na nasema kweli nilikuwa nimependeza. Tulipokaribia mwisho wa gogo nikageuza shingo kidogo, kidogo tu, nione kama Candiru anaona. Mguu ukasogea, meno ya msumeno yakauma upindo wa suruali, na chini kule mzee alikuwa ndiyo kwanza anavuta.

Ilipasuka mpaka kiunoni, kifungo kikaruka, mguu mmoja wa suruali ukateremka shimoni na uliobaki ukadondoka wenyewe. Angemalizia kuvuta, leo ningetembelea gongo. Lakini yule mzee, macho ameyafumba kwa vumbi, alisikia kwa mikono tu kwamba msumeno umeshika kitu kisicho mti, akausimamisha katikati.

"Rajabu! Mguu iko?"

"Iko, mzee."

"Suruali iko?"

"Haiko, mzee."

Watu walicheka mpaka mizigo ikatua. Na mimi niko juu kama nimepandishwa jukwaani, nimebaki na chupi aliyonishonea mama yangu kwa mfuko wa unga, mbele ya mama mkwe mtarajiwa ambaye kwa heshima nilikuwa sijathubutu hata kula machoni pake! Candiru amejifunika uso. Mama Candiru akafungua kitenge chake cha juu, akaja kinyumenyume mpaka kwenye gogo, uso ameugeuzia upande wa Koboko, akaninyooshea bila kutazama. Hata katika aibu yangu nilimstahi kwa hilo.

Nilipojifunga nikashuka. Mzee alishatoka shimoni, anapima kwa vidole ule ubao uliobakiza kidogo tu kuachana na gogo. Mwisho mmoja mnene, mwingine mwembamba. Mama Candiru naye akaona.

"Mbao yangu nani naharibu?"

Mzee akanitazama, akautazama uzi. "Kamba mimi nilishika mbaya, mama."

Alisema hivyo mbele ya watu wote wale, yeye ambaye hakuwahi kuharibu ubao! Ningenyamaza, ningepona, na labda Candiru ningempata palepale. Nilishindwa.

"Hapana, mama. Ni mimi. Niliogopa suruali itachafuka."

Mama Candiru akakitazama kitenge chake kiunoni mwangu.

"Suruali gani?"

Basi soko zima likaanza kucheka upya, na yeye mwenyewe mdomo ukamcheza. Akajifunga nguo yake iliyobaki, akachukua kigoda. "Kesho kuja na nguo ya kazi. Ingia kwa shimo. Na hii mbao hapana tupa."

Nilikaa shimoni miezi minane kabla mzee hajanirudisha juu. Hakunicheka hata siku moja mpaka tunamzika, ila kile kipande cha suruali alikifanya kitambaa cha mafuta ya msumeno, na kila asubuhi alinikabidhi nipanguse meno. Tangu hapo naapa sijavaa suruali pana, na uzi nauvuta mpaka unalia.

Milango ya ile nyumba imenyooka mpaka leo. Ubao wangu Mama Candiru aliufanya benchi, limeinama upande ule mwembamba, na nikienda kwa wakwe na mke wangu Candiru na watoto, wenzangu wote wanapewa viti. Mimi naonyeshwa benchi. Nikikosea nikakaa mwisho ule mnene, mama mkwe ananiambia, "Rajabu, sogea," nami nasogea.