Marashi Mawaridi Kwenye Chupa ya Maabara

Baba yangu ni fundi cherehani wa kanzu, na hajawahi kutoka nyumbani bila kujitia marashi. Hata akienda sokoni Darajani kununua dagaa, anajitia. Kwa hiyo siku alipotolewa vinyama vya kupimwa kwenye tezi dume, kwa sindano na kwa njia ambayo mpaka leo hataki itajwe mbele ya chakula, ilinipasa nijihadhari. Sikujihadhari. Nilimwacha atoke hospitali na chupa yake mkononi, ailete mwenyewe maabara ninakofanya kazi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, nasi tulishafunga maabara. Alikuja Jumatatu asubuhi, kanzu imepigwa pasi, chupa kaikumbatia. Nikafungua kifuniko. Chupa ilinukia harusi.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimeyamwaga yale maji. Yananuka, mwanangu! Nnapita kichochoroni, kila mtu anaziba pua. Kitu changu mwenyewe nikipeleke kwa watu kinanuka? Nimetia mawaridi."

Nilipiga ukelele. Yale maji yanayonuka ndiyo yanayozuia nyama isioze. Tangu Ijumaa vinyama vya Baba vilikuwa vikiogelea kwenye marashi, juu ya kabati, kando ya nyuzi zake.

Kazi yangu ni kukata nyama kama hizo nyembamba sana, kuzibandika kwenye kioo na kuzipaka dawa inayoshika protini moja tu. Tezi ina vifuko vidogo vidogo, na kila kifuko kizima kimezungukwa na chembe zenye protini hiyo. Dawa ikizishika, zinageuka kahawia, na kwenye darubini unaona mstari kama pindo la kanzu. Saratani ikiingia, chembe zile hupotea na pindo halionekani. Nilimweleza Baba hivyo hivyo, kwa lugha ya cherehani, hasira zikiwa bado hazijanitoka.

Nikavipaka dawa, nikatazama. Hapana pindo popote. Nikaona nshampoteza. Daktari wetu wa maabara akanisogeza, akatazama na yeye, akasema hata vifuko ambavyo kwa umbo ni vizima kabisa havikugeuka rangi. Hatuwezi kujua pindo limeondolewa na saratani au na mawaridi. Sindano irudiwe.

Baba akakataa katakata. "Nshafedheheka mara moja, yatosha."

Wiki mbili akajifanya ana kanzu nyingi za kushona. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamtishia kwamba nitamwambia kila mteja wake alichokifanya. Hakujali. Mwisho nikaketi chini, karibu na miguu yake, nikamwambia kweli.

"Naogopa, Baba. Kila nikikutazama naogopa."

Akaacha kukanyaga cherehani. Akasema, "Basi chupa uchukue wewe."

Niliichukua mimi, na njiani wapita njia waliziba pua, nami sikumtaka radhi mtu. Safari hii kioo cha kwanza kilitoa pindo zuri la kahawia. Cha pili pia. Kwenye cha tatu, pembeni, palikuwa na vifuko vichache visivyo na pindo, na jirani zao wote wanalo; safari hii si mawaridi. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Daktari wa hospitali ndiye aliyempa Baba habari, nami nimekaa ubavuni. Baba hakumuuliza daktari kitu. Alinigeukia mimi.

"Limefumuka sana?"

"Pahala pamoja tu, Baba. Tumewahi."

Akaitikia kwa kichwa kama mteja aliyekubali bei. Tulipofika nyumbani alichukua mrashi wake wa kunyunyizia mawaridi, akaniamrisha ninyooshe mikono. Ilikuwa inanuka yale maji ya kazini, kama kila siku. Akaninyunyizia mkono mmoja, kisha wa pili.

"Hapa hayaharibu kitu?" akauliza.

"Hayaharibu, Baba," nikasema. "Tia tena."