Nafasi ya Vidole Vitatu

Isemwe mapema kwamba fundi huyu hakuwa mtu mbaya. Hakuiba vipuri, hakumdanganya mteja, na gari lililotoka mikononi mwake halikurudi kwa kosa lile lile. Walimwita Fundi Vidole kwa sababu kila nafasi kati ya chuma na chuma aliipima kwa vidole vyake: kimoja, viwili, vitatu. Ugonjwa wake ulikuwa mdomoni. Hakuna aliyekanyaga karakana yake akaondoka bila kupachikwa jina. Mchomeleaji wa jirani alikuwa Cheche, mwenye nyumba alikuwa Bwana Risiti, na kaka wa mkewe, fundi cherehani mnene mwenye kicheko cha polepole, alikuwa Tani. Hilo jina alimpa siku ya harusi, mbele ya wakwe. Watu walicheka. Tani naye alicheka, na fundi akadhani kwamba anayecheka hajaumia. Wengi hudhani hivyo, na ni uvivu wa moyo.

Gari lake lilikuwa dogo, la familia, la kuvutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwenye lami halikuwa na neno. Lakini kwa Tani kulikuwa juu ya kilima cha udongo, na mvua ikinyesha matairi yalizunguka bure kama cherehani isiyo na uzi.

Siku binti wa Tani alipoposwa, fundi alijitolea kuwapandisha wageni. Tani, baba wa binti, alikaa nyuma pamoja na wazee wawili wa upande wa bwana harusi. Katikati ya kilima gari likaanza kuteleza. Fundi akageuza shingo.

"Tani, shuka gari lipumue!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Tani alishuka. Alikuwa amevaa suti aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Na gari, kwa bahati mbaya, likapanda. Baba wa binti akafika nyumbani kwake mwenyewe kwa miguu, tope magotini, wageni wakiwa wamekwisha kuketi. Tangu siku ile hakukaa tena ndani ya gari lile, na fundi, kwa aibu aliyoiita kazi nyingi, hakukipanda tena kile kilima.

Miaka ikapita hivyo. Mke wa fundi ndiye aliyekuwa akienda kumwona kaka yake na kurudi na habari.

"Kaka anaumwa."

"Atapona. Mtu mkubwa yule, ugonjwa utachoka wenyewe njiani."

"Amepungua, baba watoto."

"Afadhali! Akijishonea atabakiza na kitambaa."

Mkewe aliweka sufuria chini, akamtazama mpaka tabasamu likamwisha usoni.

"Wewe mzaha wako utakuja kutumbua usaha. Daktari anamtaka hospitali kila wiki. Kwenye pikipiki hawezi tena kujishikilia, na mvua ndizo hizo zinakuja. Gari unalo. Mdomo wako ndio uliomshusha. Sasa tafuta cha kumpandisha."

Kesho yake fundi alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, akapata gari ndugu wa lile lake, lililopondeka paa, lakini la aina inayosukumwa na magurudumu yote manne. Akahamisha kila kilichohitajika: giaboksi, propela ya kupeleka nguvu nyuma, difu ya kuigawa, mikono ya kushikilia magurudumu ya nyuma, na zile ekseli mbili zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu. Aliifanya kazi hiyo baada ya kumaliza za wateja, bila filimbi na bila masihara, hata Cheche akamuuliza kama amefiwa. Siku alipolishusha kutoka kwenye vigogo, gari lilipanda lundo la kokoto nje ya karakana kama mbuzi.

Basi akampakia Cheche nyuma pamoja na mitungi yake ya gesi, wakatoka barabarani. Shimo la kwanza: goo! La pili: goo!

"Umefungia mtu kwenye buti?" Cheche aliuliza.

Fundi akaliinua gari kwa jeki, akaingia chini, akapima. Ekseli ya kulia ilipita chini ya bomba la moshi, na kati ya viwili hivyo palikuwa na vidole vitatu. Nafasi tele. Akalishusha, akaliendesha na Cheche nyuma: goo! Akaliinua tena: vidole vitatu. Hilo lilikuwa kosa la ajabu kwa mtu wa sifa zake. Gari lililoinuliwa huning'iniza miguu, na kila kitu huachana na mwenzake. Ukweli wa gari huonekana likiwa limebeba watu, kama ulivyo ukweli wa mwenye gari.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Akaweka vipande vya raba nene juu ya springi, gari likanyanyuka nyuma, kugonga kukakoma. Cheche akalizunguka polepole.

"Umefuga jogoo," alisema. "Mkia juu, kidevu chini. Ukifunga breki litadonoa lami."

"Wewe choma vyuma. Mambo ya miguu niachie mimi."

"Nakuachia. Lakini mgonjwa utamteremsha kilimani na hili? Atafika hospitali amelala mgongoni mwako."

Fundi alitukana kidogo, akazitoa raba.

Safari hii alifanya inavyotakiwa. Alilisimamisha gari kwa magurudumu yake juu ya shimo la karakana, akaenda kuleta magunia ya mchanga.

"Mangapi?" Cheche aliuliza.

"Mawili, nyuma kulia. Huyo ndiye Tani."

Alisema bila kufikiri, na kwa Tani aliyemkumbuka hakukosea sana. Alimjua shemeji yake kwa uzito kuliko alivyomjua kwa jambo jingine lolote. Magunia yalipokaa, fundi akashuka shimoni. Vile vidole vitatu vilikuwa vimebaki kimoja chembamba. Shimo dogo la barabarani lingetosha kukimaliza hicho. Basi Cheche akalikata bomba la moshi, akalipindisha lipite pembeni, mbali na njia ya ekseli, akaliunga upya. Kisha akapanda juu ya bampa ya nyuma akarukaruka kama aliyepagawa, na fundi, kutoka shimoni, akaitazama ekseli ikipanda mpaka mwisho wa mwendo wake bila kugusa kitu. Cheche alipotulia, akapima: vidole vitatu kamili, gari likiwa na Tani ndani. Bila Tani, kiganja kizima kilipita. Kwa mara ya kwanza tangu aianze kazi ile, fundi alijisikia amelipa kitu.

Mvua ya kwanza ilipokwisha lowesha kilima, akapanda na mkewe. Magurudumu manne yalishika udongo, wala gari halikuteleza hata mahali pale.

Tani alitoka polepole, akishika ukuta. Alikuwa na koti kubwa la kijivu na ndevu alizoziachia. Fundi alipomwona alivyojaa mlangoni, moyo ukatulia: mbona yuko vile vile!

"Shemeji," alisema. "Habari za siku nyingi?"

"Ni nyingi kweli," Tani alijibu. Akalitazama gari. "Hilo mimi sikai. Mnajua lina shida ya kupumua."

"Kaka," mke wa fundi alisema, "nakuomba mimi. Si yeye."

Tani akamtolea dada yake mkono amshike.

"Kaa nyuma kulia, shemeji," fundi alisema haraka, "mimi nipite chini nione kama linagusa."

Akatandika gunia, akalala chali, akajiingiza chini ya gari. Akaweka vidole vitatu juu ya ekseli na kungoja bomba livikaribie. Akasikia mlango ukifunguliwa, kiti kikilia kidogo, mlango ukifungwa. Chuma hakikuja.

"Umeshakaa?"

"Nimekaa."

"Umeegemea vizuri?"

"Nimeegemea, shemeji."

Akaongeza kidole cha nne. Akaweka kiganja kizima, nacho kikapita. Springi zilikuwa zimetulia kama mtu ameweka kwenye kiti cha nyuma kikapu cha nguo. Alitazama chuma kile, na maneno ya mkewe, "Amepungua, baba watoto", yakamrudia moja moja, pamoja na jibu lake mwenyewe.

Miguu ya mkewe ilisogea, magoti yakapinda, uso wake ukaonekana kando ya gurudumu.

"Koti amelitia pamba mwenyewe," alinong'ona. "Mabegani, kifuani, kote. Hataki watu washtuke."

Kutoka juu sauti ikauliza, "Vipi, limegusa?"

"Halijagusa."

"Basi leo limepumua."

Fundi alifumba macho. Aliyasema yaliyokuwa yamemkaa kooni miaka yote, lakini aliyasema akilielekea bomba la moshi. "Shemeji, siku ile ya posa nilikukosea. Mbele ya wageni wako. Nilikosea."

"Toka huko chini kwanza," Tani alisema. "Siwezi kumjibu mtu nisiyemwona."

Akatoka, tope mgongoni, akasimama kwenye dirisha. Sasa aliyaona mashavu ndani ya zile ndevu, na shingo iliyopwaya katika kola. Akausukuma mlango ambao ulikuwa umeshafungwa, akaenda kushika usukani.

Walishuka taratibu. Walipofika katikati ya kilima, Tani akagonga kiti cha mbele.

"Simama hapa."

Fundi alipajua. Akafunga breki, akafungua mlango wake ili amsaidie kushuka.

"Sishuki," Tani alisema. "Nilitaka tusimame hapa mimi nikiwa ndani."

Wakakaa. Injini iliunguruma, maji yalitiririka kwenye mitaro ya magurudumu. Fundi akageuza shingo kama alivyoigeuza siku ile.

"Nisamehe, shemeji."

"Endesha," Tani alijibu, akiegemea dirisha. "Nilikusikia toka kule chini."

Hakuongeza kitu, na kama huko ndiko kusamehe, au ni kuchoka tu, fundi hakuthubutu kuuliza. Neno likitoka hakuna mchomeleaji wa kulikata na kulipindisha lipite pembeni.

Chini ya kilima barabara ilikuwa mashimo matupu. Gari lilizama, likainuka, likazama. Fundi aliendesha akiwa ametega sikio nyuma kulia, na katika kila shimo aliomba moyoni asikie goo, hata moja tu. Hakusikia kitu. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, na nafasi ilikuwa tele.