Siku Niliyokutwa na Samli Ndevuni

Jamani, hili jambo nimelificha mpaka limechoka kufichwa, na kwa kuwa nusu ya Mpwapwa ililiona kwa macho, sijui hata nilikuwa namficha nani. Mimi, Hamisi wa samli, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilikutwa mchana kweupe nimelala chali katikati ya gulio, ndevu zinadondosha samli, na watu wote wanaamini nimefunga. Ndiyo hivyo. Aibu ni yangu na nimekuja nayo hapa barazani kwa miguu yangu, kwa hiyo chekeni taratibu, maana kovu bado linanivuta nikicheka pamoja nanyi.

Kazi yangu mnaijua. Wagogo wanaleta samli kwa vibuyu, mimi nanunua, naichemsha tena, naichuja, naitia kwenye madebe, na madebe yanakwenda Gulwe kupanda gari moshi la Mdachi hadi pwani. Sasa samli hainunuliwi kwa macho. Unachovya kidole, unalamba, na mwenye mali amekukazia macho usoni anangoja, na kwa ulimi tu unajua kama imeungua, kama imekaa sana, kama kuna mjanja kachanganya na mafuta ya mkia wa kondoo. Usipolamba umemtukana mwenye kibuyu mbele za watu, umesema chombo chake kichafu au mkono wake mbaya, na hapo hakuna mnunuzi mwingine atakayemsogelea. Basi kwa miaka mingi mimi nilikuwa nalamba samli tangu asubuhi mpaka jua linapinda, halafu narudi nyumbani nakula wali uliomwagiwa samli (msinitazame hivyo, niliipenda).

Ndipo yakaanza maumivu. Yanaanzia chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, yananikunja, yananitapisha, halafu yanaondoka bila kuaga na mimi nabaki najiona mzima. Nikanywa shubiri, nikachanjwa chale, nikasomewa, hayakusikia la mtu. Mwisho mke wangu, Mwanakheri, akanishika mkono kama mtoto na kunipeleka bomani kwa daktari.

Daktari yule alikuwa Mdachi mrefu mwenye macho ya upole, lakini Kiswahili alifundishwa na askari, kwa hiyo hata akikupa pole ungedhani anakuamuru kupiga gwaride. Akanibonyeza ubavuni nikaruka. "Wewe una mawe!" akasema. "Ndani ya nyongo. Mawe madogo. Sikiliza, njia mbili. Moja, kisu. Unakwenda hospitali Dar es Salaam, unalala usingizi wa dawa, nyongo inatoka pamoja na mawe. Mbili, mafuta hapana. Samli hapana, nyama ya mafuta hapana, siagi hapana. Mawe yanabaki, lakini labda yananyamaza." Akatutazama mmoja mmoja. "Labda," akarudia.

Tulipofika nyumbani Mwanakheri akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na mimi nikajua. Kaka yake mkubwa aliwahi kukatwa mguu uliooza, akalazwa kwa dawa hiyo hiyo ya usingizi, na hakuamka. Nikamwambia, "Mama Rehema, sema unalotaka." Akajibu bila kugeuka, "Tutaacha mafuta."

Tutaacha, alisema. Sisi. Na kweli tangu siku ile mwanamke yule, ambaye alikuwa anakaanga kila kitu isipokuwa maji, akawa anapika ugali wa uwele na mlenda wa chumvi tupu, maharage ya kuchemsha, mboga ya kuchemsha, na anakula sahani moja na mimi. Nikimwambia ajipikie chake anasema ati tumbo lake nalo limechoka mafuta. Mwongo mkubwa. Nilikuwa namwona anavyopunguka mashavu, nikampenda mpaka nikaona haya.

Sasa tatizo likawa gulioni. Mwanakheri alinishauri niwaambie watu ninaumwa, mimi nikakataa, maana muuza samli asiyekula samli nani atamwamini, na wangesema samli yenyewe ndiyo iliyonipa ugonjwa. Basi siku ya gulio nikakaa mbele ya vibuyu kidole kimeganda, mwenye kibuyu ananitazama na mimi namtazama, jasho linanitoka. Hapo jirani yangu muuza chumvi, Shomari (huyu huyu anayejificha nyuma ya kikombe cha kahawa), akadakia, "Leo kafunga huyo, mama, acha nimwonjee mimi."

Nami nikanyamaza. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, hapo tu, kwenye kunyamaza. Gulio lililofuata nikanyamaza tena, na lililofuata tena. Habari zikaenea kwamba Hamisi anafunga sunna mfululizo, na kabla sijajua kinachotokea watu wakaanza kunipisha njiani. Mwalimu wa madrasa akanitaja mbele ya wanafunzi. Mama mmoja akaniletea mtoto mwenye kikohozi nimwombee dua, nikamwombea, na kwa bahati mbaya yangu mtoto akapona. Mimi nikaanza kutembea polepole na kuinamisha kichwa, Mungu anisamehe, nikaona hata kanzu inanikaa vizuri zaidi.

Mpaka alipokuja Mama Chilewa. Huyu ni mama wa Kigogo kutoka milima ya Kibakwe, ananiletea samli tangu nilipoanza kazi hii, na samli yake haijawahi kuwa na kasoro. Alifika amechoka, vumbi limempanda mpaka magotini, akatua kibuyu, akanisalimu "Mbukwenyi, mwanangu," nikamjibu, akakaa chini anangoja nilambe. Shomari akachovya kidole chake, akakunja uso, akasema kwa sauti, "Hii ina moshi."

"Moshi wa wapi?" akasema Mama Chilewa. "Huyu wa chumvi anajua nini? Ulimi wake umeshakufa. Onja wewe, Hamisi."

"Nimefunga, mama," nikasema.

"Kwetu mtu akikataa kuonja kitu cha mama, amemwita mchawi. Mimi nimekuwa mchawi lini?"

Nikaona wanunuzi wengine wanaanza kusogea mbali na kibuyu chake. Nikafikiria anavyokirudisha kile kibuyu Kibakwe, kupanda milima yote ile na jina baya juu yake, moyo ukaniuma. Nikamwambia, "Nipe nikaitazame kivulini," nikakichukua, nikaingia nyuma ya rundo la madebe yangu, nikachuchumaa. Nilikusudia kuchovya kidole kimoja tu, haki ya Mungu, kwa ajili ya yule mama.

Jamani, samli ile! Sikuwa nimeonja mafuta tangu daktari aniambie, na ile ilikuwa samli ya maziwa ya ng'ombe waliokula majani ya masika, laini, ina punje punje kwenye ulimi, ina harufu ya nyumbani kwa mama yangu. Moshi haukuwepo hata kidogo. Kidole cha pili kilikwenda chenyewe. Cha tatu nikakisindikiza. Baada ya hapo niliona vidole vinanichelewesha, nikainua kibuyu.

Nikatoka nimejikausha. "Samli safi," nikatangaza. "Naichukua yote."

Mama Chilewa akapiga kigelegele. Shomari akauliza, "Umejuaje na umefunga?" Nikamjibu, "Kwa harufu," na watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaona ucha Mungu umenifikisha pahali ambapo pua inafanya kazi ya ulimi.

Sikukaa sana kwenye heshima hiyo. Nilikuwa nafunga debe, maumivu yakanishika ubavuni, na hayakuwa yale niliyoyazoea, haya yalikuja kama yaliyodharauliwa. Nikashika debe, debe likaondoka, rundo zima likaniangukia, samli ikamwagika, nikajaribu kusimama nikateleza, nikajaribu tena nikateleza na Shomari aliyekuja kunisaidia, tukalala wawili tunagaagaa. Mbwa wa gulio lote wakafika. Mmoja alinilamba sikio kwa utulivu kabisa, sina hasira naye.

Shomari akajiinua, akaona ninavyojikunja na kutapika, akapiga ukelele, "Wamemwua! Mama huyu kamwua!" Mtu akasema sumu. Mwingine akasema haiwezekani sumu, mtu kafunga, hakula kitu, kanusa tu, basi ni uchawi, tena uchawi wa kibuyu, umempiga kwa harufu. Hesabu yao ilikuwa sawasawa, jamani, ila mimi ndiye niliyewapa mwanzo mbaya. Askari aliyekuwa zamu akaja mbio, akamkamata Mama Chilewa mkono na kuuzungusha nyuma ya mgongo. Mnajua enzi hizo mtu akipelekwa bomani kwa neno kama hilo anaanza kwa kiboko, maswali baadaye. Yule mama hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama mimi tu, anasema, "Hamisi, waambie. Hamisi, si unanijua?"

Nami sauti haitoki. Mwalimu wa madrasa kapiga magoti kando ya kichwa changu ananitamkisha shahada, watu wameanza kulia, na katikati ya miguu yao nikamwona Mwanakheri anakuja mbio, miguu mitupu, kanga moja imemdondoka nyuma. Uso wake sitausahau. Alikuwa tayari ameshakuwa mjane.

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. "Nimelamba," nikasema.

"Nini?" akasema mwalimu.

"Samli. Nimeinywa. Mwachieni mama wa watu, hana kosa, samli yake ni safi. Naumwa, nina mawe kwenye nyongo, nimekatazwa mafuta. Sikufunga. Sijafunga hata siku moja."

Mwalimu akainuka polepole, akapangusa magoti yake. Askari akamwachia Mama Chilewa. Halafu mtu mmoja nyuma kabisa akaanza kucheka, mnajua kicheko kinavyoambukiza, wakacheka wote, hata mama wa yule mtoto wa kikohozi. (Na Mama Chilewa, niwaambie, siku ile samli yake iliyobaki kibuyuni iligombewa, maana kila mtu alitaka kuonja kitu kilichoweza kumlaza Hamisi.)

Mwanakheri peke yake hakucheka. Alichuchumaa, akazitazama ndevu zangu zinavyong'aa, nikangoja anitukane, ningefurahi kutukanwa. Akachukua upindo wa kanga akaanza kunifuta, ndevu, shingo, sikio lililolambwa na mbwa, anafuta na machozi yanamtoka.

Wakanipakia kitandani kunipeleka bomani (wakaniangusha mara moja njiani, mikono yao ilikuwa na samli, nawasamehe). Daktari akanifunua macho, yalikuwa yamegeuka manjano. Akasema, "Sasa hakuna labda tena. Kisu, au kaburi. Nyinyi mnaamua." Akatoka nje akatuacha wawili.

Nikamwambia Mwanakheri kwamba sitakwenda bila ridhaa yake. Akasema, "Baba Rehema, mimi ndiye niliyekuzuia. Sikukuuliza unataka nini. Nilikuwa namwona kaka yangu, sikukuona wewe."

"Na mimi sikukwambia kwamba sina nguvu ya kuacha," nikasema. "Ungenisaidia vipi usipojua ninavyotamani? Niliona haya, wewe unakula mlenda mkavu kwa ajili yangu."

"Unaogopa kisu?"

"Sana."

"Na mimi," akasema, akashika mkono wangu wenye mafuta. "Basi twende."

Twende, alisema, na alikwenda. Akawaacha watoto kwa dada yake, akapanda gari moshi Gulwe, yeye ambaye hajawahi kupanda kitu kinachokwenda chenyewe, akanishika mkono wakati wote huku amefumba macho. Kule Dar es Salaam walipotaka kunilaza akawafuata mpaka mlangoni, wakamzuia, akaketi chini pale pale mlangoni. Nilipofungua macho, kinywa kichungu, ubavu unawaka, kitu cha kwanza nilichokisikia ni yeye anabishana na mtu kwamba mumewe amekohoa, na mtu asiyeamka hakohoi.

Basi ndugu zangu, samli nalamba tena sasa, kidogo, kwa kazi. Nilichoapa ni kingine. Nimeapa sitaumwa tena kimyakimya. Nikiumwa hata jino namwambia Mwanakheri siku hiyo hiyo, na yeye naye akiogopa ananiambia anaogopa, tunakaa mkekani tunaogopa wote wawili mpaka tuchoke, halafu tunaamua.